Kabla hujatoboa boneti ya Forester yako kwa sababu ya joto la foleni

SWALI: "Shikamoo fundi. Naendesha Subaru Forester SG5, ile ya turbo. Nakaa Kimara Temboni, kazini ni Posta. Jioni nikifika Ubungo boneti huwezi kuiwekea mkono, AC inapuliza hewa ya vuguvugu, na foleni ikiachia nikikanyaga mafuta gari inakuwa nzito kama nimebeba saruji. Sindano ya temperecha haijawahi kupita katikati. Juzi nimeona video ya pikipiki za theluji: jamaa wanatoboa makava ya injini na kupachika vitundu vyenye nyavu ili joto litoke, na wanasema mashine zao zimebadilika kabisa. Fundi wa bodi wa hapa mtaani anataka laki mbili na nusu anitobolee boneti pande mbili, karibu na kioo ili isiharibu sura. Mwingine anasema nisitoboe, niweke washa tu (vile vibati vya duara vya bolti) kwenye bawaba ili boneti inyanyuke kwa nyuma. Nimfuate yupi?"

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimfuate yeyote kati ya hao wawili, walau si mwezi huu. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Zamani kidogo nilikuwa na Mark II, GX100, nyeupe. Nilikuwa na grainda, nilikuwa na Jumamosi nzima isiyo na kazi, na nilikuwa naamini kabisa kwamba joto ukilipa tundu litatoka. Nikakata boneti pande mbili, kama sentimita kumi na tano kutoka kwenye kioo cha mbele, pale pale anapotaka kukukatia fundi wako. Nikapachika luva za chuma (vifuniko vya matundu vyenye midomo ya mshazari), nikapiga rangi, nikajiona mtu wa mashindano. Kwenye foleni ya Mwenge ungeliona joto likitetemeka juu ya matundu, nikafurahi moyoni. Lakini nikitoka mjini kuelekea Bagamoyo, gari ikichanganya, ndani kukawa na harufu ya oili ya moto ambayo kabla haikuwepo. Mama watoto akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamwambia ni gari la mbele yetu.

Jumapili moja alfajiri nikachukua nyuzi zake nyekundu za kufumia vitambaa, nikazikata vipande vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa tepu juu ya boneti mstari kwa mstari, na vingine kwenye midomo ya matundu yangu. Rafiki yangu akashika usukani, mimi nikakaa kushoto na daftari. Tulipoipita Bunju barabara ilikuwa nyeupe, hatukuwa na haraka, kilomita 80 kwa saa. Nyuzi za sehemu ya mbele ya boneti zilikuwa zinainuka na kuchezacheza kama kuna mtu anazinyonya kutoka juu. Za katikati zimelala kuelekea kwenye kioo. Zile za kwenye matundu sikuziona. Nikasema zimebanduka. Tuliposimama pembeni zikachomoza tena, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimemezwa. Hewa ilikuwa inaingia kwenye injini kupitia tundu nililolikata ili itoke.

Sababu yake si ngumu. Gari likienda, hewa inagonga uso wa mbele wa gari na kubanana pale. Ikishapanda ule mviringo wa mbele wa boneti inakimbia, na mbano wake (presha) unashuka kuliko hata wa hewa ya kawaida. Kisha inateleza mpaka chini ya kioo, inakuta ukuta, inabanana upya. Na hewa siku zote hutoka penye mbano kwenda penye nafasi. Kwa hiyo tundu la sehemu ya mbele, nyuma kidogo ya rejeta, linanyonya joto nje. Tundu la chini ya kioo linalisukuma ndani. Waliounda gari wanalijua hilo vizuri kuliko mimi na grainda yangu: angalia ile grili nyeusi ya plastiki iliyo chini ya waipa. Ndio mdomo wa hewa safi ya kupumulia ndani ya gari. Wameuweka pale kwa sababu pale hewa inajisukuma yenyewe.

Sasa unaelewa harufu ya oili ilitoka wapi: hewa iliyojisukuma ndani ya chumba cha injini iliilazimisha ile ya moto ipenye mpaka tulipokaa. Na unaelewa kwa nini sipendi washa za kwenye bawaba. Ukiinua boneti kwa nyuma, ukiwa umesimama kwenye foleni joto litatoka, sikatai, ila linatokea mdomoni mwa hiyo hiyo grili, yaani unamkaribisha moshi wa injini sebuleni. Ukianza kwenda kasi, hewa inarudi ndani. Halafu kuna mpira unaopita ukingo wa nyuma wa boneti. Kazi yake ni kutenganisha chumba cha injini na hewa unayovuta. Washa zinaufanya mpira huo ubaki pambo. Sijasema bado habari ya bolti za bawaba zinazobaki zimeshika kwa nyuzi tatu tu. Boneti ikifunguka mbele ya uso wako pale Mbezi hutakumbuka tena kama kulikuwa na joto.

Kuhusu hiyo video. Sisi wa Dar theluji tunaijua ya kwenye picha ya Kilimanjaro, kwa hiyo ni rahisi kuona mashine ile inafanana na gari kwa kuwa nayo ina injini na kava. Haifanani. Pikipiki ya theluji ya milimani, zile zinazopandishwa kwenye milima ya Rocky huko Marekani na Kanada, nyingi zake hazina rejeta yenye feni kama yako. Maji ya injini yanapitishwa kwenye mabati marefu chini ya kiti, na theluji inayorushwa na mkanda wa kukanyagia ndiyo inayoyapoza. Maji, kwa hiyo, yana mpoza wake. Kinachowasumbua ni kingine. Injini ni ya mipigo miwili, aghalabu ya cc 800 hivi, na bomba lake la moshi, lile lenye tumbo, limekunjwa humo humo ndani ya kava. Pembeni yake kuna mkanda wa mpira unaopeleka nguvu, kama ule wa skuta, ila huu unabeba nguvu nyingi zaidi. Kwenye theluji laini yenye kina mashine inapanda polepole, injini inazunguka kwa kasi ya juu kabisa, mkanda unateleza na kupata moto, na hakuna upepo wa kuupoza. Makava nayo yamezibwa karibu kila upande, maana theluji ya unga ikiingia kwenye kichujio cha hewa injini inakosa pumzi. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata hiyo inayopita inabeba joto kidogo. Ndiyo maana wakifungua tundu na kuweka wavu mwembamba unaokataa maji na theluji, mkanda unadumu zaidi na plastiki iliyo karibu na bomba haiyeyuki.

Umeona? Wale wametoboa sanduku lililozibwa kwa makusudi. Wewe unataka kutoboa sanduku ambalo, nikikisia kutokana na umri wa gari na nilivyozoea kuyaona, limeshatobolewa chini na mafundi wanne tofauti bila wewe kujua.

Hapo ndipo kwenye kiini. Chini ya boneti kuna joto la aina mbili, na watu wanayachanganya. Kuna joto la maji, yaani la injini yenyewe, linalotolewa na rejeta, feni, kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) na kifuniko. Halafu kuna joto la hewa, lile linalotoka kwenye turbo (pampu inayozungushwa na moshi ili kuibania injini hewa), manifodi na bomba la moshi na kujaa pale ndani kama moshi kwenye jiko lisilo na dirisha. La kwanza likizidi injini inakufa. La pili likizidi gari inakuwa nzito, AC inachoka, mipira inakauka, plastiki zinavunjika kama biskuti, betri haifiki muda wake. Tundu la boneti linasaidia la pili. La kwanza linalisaidia kidogo sana, tena likikatwa mahali sahihi tu.

Kwa dalili ulizonipa, la kwako kubwa ni la pili. Ila usiiamini sana hiyo sindano. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya kizazi hicho imetengenezwa isimsumbue dereva: maji yakipoa kidogo au yakipanda kidogo, yenyewe imetulia katikati, na ikianza kunyanyuka ujue mambo yameharibika muda si mfupi. Kwa hiyo la maji tunalipitia haraka ili tuwe na uhakika, halafu tunarudi kwenye hewa.

Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa ya moto usithubutu, nimeona watu wakiungua kifua). Maji yawe na rangi ya kulanti na yawe yamejaa. Kama ni maji matupu, au yana kutu, mwaga, safisha, weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Najua mtu atakwambia Dar hakuna barafu, kulanti ya nini. Kulanti inazuia kutu ndani ya alumini ya Subaru, na maji ya visima vyetu vingi hapa mjini yana chumvi inayoganda kwenye vijitundu vya rejeta kama ukoko wa kwenye birika. Kifuniko nacho kinunue kipya, si ghali. Kile kilichoandikwa 1.1 kinayabana maji kiasi kwamba hata maji matupu yangechemka karibu na nyuzi 120. Mpira wake ukichoka yanachemka kwenye 100, kama ya chai. Na kama kuna fundi aliwahi kukutolea themostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) eti nchi hii ina joto, irudishe. Kwenye injini nyingi za Toyota, kwa mfano, themostati ikitolewa njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa.

Ukiona vipovu vinapanda kwenye chupa ya akiba injini ikiunguruma, hapo acha kila kitu, huenda gasketi ya silinda hedi imefika mwisho, na mazungumzo ya matundu ya boneti hayana maana tena.

Sasa hewa. Simama nyumbani, washa gari, washa AC. Nenda mbele. Feni zako ni mbili, na AC ikiwashwa zote mbili zinatakiwa kuzunguka. Chukua karatasi moja ya daftari, isogeze mbele ya grili usawa wa kila feni. Inatakiwa ivutwe na ing'ang'anie pale bila wewe kuishika. Upande mmoja ukiidondosha karatasi, feni hiyo imekufa, au imechoka inazunguka kivivu, au rejeta imeziba. Umesema AC inapuliza vuguvugu kwenye foleni. Kama inakuwa baridi tena ukishaanza kutembea, basi mimi ningeweka pesa yangu kwenye feni kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha piga tochi katikati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele) na rejeta. Humo kuna makazi ya kila kitu: majani, kumbikumbi, vumbi lililoganda na mafuta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini mimi bado nazitoa rambo humo, zimejikunja vizuri kama zimewekwa na mtu. Safisha kwa maji ya mpira wa kawaida ukipiga kutoka upande wa injini kuja mbele. Vijana wa kuosha magari wasikaribie na ile mashine yao ya msukumo mkubwa. Mapezi ya rejeta ni laini kama karatasi ya sigara, yakilala, hewa haipiti tena.

Jambo linalofuata watu hawaliamini mpaka waone. Pembeni na juu ya rejeta, gari lilipotoka kiwandani, kulikuwa na vipande vya sponji na plastiki vinavyoziba mianya. Na chini ya injini kulikuwa na kava pana la plastiki. Kava hilo ndilo linalotolewa siku ya kwanza ya kumwaga oili, klipu zinavunjika, na fundi anakwambia "hili halina kazi bosi, ni la matope." Ukienda Ilala utayakuta yamerundikwa, na mengine ndiyo hayo ya kwetu. Kazi linayo, tena kubwa. Gari likiwa limesimama, feni inavuta hewa mbele na kuisukuma kwenye injini. Hewa hiyo imepita kwenye kondensa, imepita kwenye rejeta, sasa ni ya moto. Kama hakuna kava wala sponji, inashuka chini, inazunguka chini ya bampa, inavutwa tena na feni ile ile. Gari yako inakunywa pumzi yake yenyewe. Nyuma yako kuna daladala linakupulizia, mbele yako kuna lori la mchanga, lami ya Morogoro Road imeota jua tangu saa tatu asubuhi, halafu hewa yenyewe kidogo inazunguka mle mle. Hata ungekuwa na matundu kumi juu.

Likiwa kwenye mwendo, kava hilo hilo linafanya hewa ya chini ikimbie na kunyonya joto kutoka chini ya injini kwenda nyuma. Bila kava hewa inaingia kutoka chini na kubanana na ile inayotaka kutoka rejetani. Fikiria jiko la mkaa. Lina kimlango chake cha chini, kina ukubwa wake. Hakuna anayesema jiko litafanya kazi vizuri zaidi akiling'oa bati lote la chini.

Halafu turbo. Simama mbele ya gari boneti ikiwa wazi: turbo ya Subaru hii iko nyuma ya injini upande wa dereva. Juu yake kulitakiwa kuwe na bati la kuzuia joto, na bomba linaloshuka kutoka hapo lina mabati yake pia. Bolti zake zinashikwa na kutu, mafundi wanazikata, bati linalia kelele, linatupwa. Turbo ya petroli ikifanya kazi ya kweli moshi unaopita ndani yake unafika nyuzi 700 na kupanda. Chuma hicho kikiwa uchi kinachoma kila kinachokiona: nyaya, mipira, oili ya usukani, na zaidi ya vyote intakula, ambayo kwenye Forester imelala juu ya injini chini ya lile pua la boneti, ule mdomo ulioinuka wa kuingizia upepo.

Na hapa ndipo uzito wa gari lako unapotoka. Intakula kazi yake ni kuipoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Inapozwa na upepo unaoingia kwenye pua ya boneti. Kwenye foleni hakuna upepo. Kwa nusu saa yenyewe inakaa juu ya moto ikiiva taratibu. Foleni ikiachia pale Ubungo unakanyaga, hewa inapita kwenye intakula iliyo nyuzi 70 badala ya 40, na hewa ya moto ni nyepesi: kwa mbano ule ule, tofauti hiyo inakupunguzia karibu asilimia 9 ya hewa inayoingia. Kompyuta nayo ikisikia injini inagonga kwa ndani, inarudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda. Kumbuka Forester ya turbo iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya kwao. Ndiyo saruji yako hiyo. Dakika mbili tatu za mwendo baadaye gari inarudi kuwa yenyewe, au sivyo?

Sasa geuza boneti utazame lile pua kwa chini. Panatakiwa pawe na mfereji wa plastiki na mpira laini unaokaa juu ya intakula pande zote, boneti ikifungwa upepo wote ulazimike kupita kwenye mapezi. Kwenye magari mengi ninayoyaona mpira huo umeshakatika, umebaki kipande kimoja. Upepo unaingia puani, unaona mwanya, unapita pembeni. Mpira huo unaweza kuupata kwenye spea za mtumba, au ukatengenezwa kwa mpira wa mlango wa gari, mlaini wenye tundu katikati, kwa bei ya chakula cha mchana. Watu wanawaza kutoboa matundu mapya na hilo kubwa alilowapa Subaru halijazibwa vizuri.

Kwa hiyo laki mbili na nusu yako tuigawe hivi: kava la chini na klipu zake, bati la turbo, mpira wa intakula, sponji za rejeta, kifuniko, kulanti. Feni ikiwa mbovu itahitaji fungu lake. Chenji ikibaki nunua kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye waya mrefu, vile vya kuwekea kwenye friji, Kariakoo vipo. Hakikisha kinasoma mpaka nyuzi 110, maana vingine vinaishia 70 na vitakudanganya. Nunua viwili. Ncha moja ifunge karibu na mdomo unaovuta hewa kwenda kwenye kichujio, nyingine chini ya intakula, mbali na chuma chenyewe. Waya upite mlangoni, skrini uibandike kwenye dashibodi.

Pima kabla hujabadilisha kitu chochote. Jioni tatu, njia ile ile, saa ile ile, AC ikiwa imewashwa. Andika namba ukiwa Magomeni, ukiwa Ubungo, na ukiwa Kimara Mwisho, na kando yake joto la hewa ya nje la siku hiyo. Unachotafuta ni pengo kati ya nje na ndani. Siku ya Februari yenye nyuzi 32 na siku ya Julai yenye 27 haziwezi kulinganishwa kwa namba tupu. Kisha fanya matengenezo, upime tena jioni tatu. Bila hivyo utaniambia "naona kama imepoa", na mtu aliyetoka kulipa fundi daima anaona kama imepoa. Mimi na GX100 yangu niliona imepoa kwa wiki tatu nzima.

Hiyo Mark II, nimalizie kisa chake, ilinifundisha na la mvua. Masika ilipoingia maji yalipita kwenye luva zangu nzuri yakadondokea kwenye nyaya za plagi. Nilizimikiwa Jangwani siku ambayo maji ya barabarani hayajafika hata kwenye rimu. Waliokuwa wanapita wakidhani nimejitosa mtoni walinipa pole, sikuwarekebisha.

Tuseme umefanya yote, umepima, na bado pengo ni kubwa. Au tuseme tu unataka tundu kwa kuwa unalitaka. Gari ni lako na sikunyimi. Basi sikiliza. Zile za plastiki za kubandika kwa tepu ya pande mbili, zenye umbo la tundu bila tundu, niache nisizizungumzie. Luva ya kweli iwe na ukingo wa mbele ulionyanyuka na midomo inayotazama nyuma, upepo ukiruka juu yake unyonye kutoka chini. Mdomo unaotazama mbele ni wa kuingizia hewa, usiuweke pa kutolea.

Mahali pazuri kwa upepo ni theluthi ya mbele ya boneti, nyuma ya rejeta. Kwa Forester kuna shida moja: alteneta ya injini hii (ile inayochaji betri) iko juu mbele, inatazama boneti moja kwa moja. Ukikata katikati unaimwagia alteneta maji yenye vumbi kila mvua. Kwa hiyo kata pembeni, kati ya pua na ukingo, upande wa dereva, mbele kidogo ya usawa wa turbo, na usisogee karibu na kioo zaidi ya urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kwenye foleni tundu hilo litafanya kazi kama bomba la moshi la jikoni, joto likipanda lenyewe, na mwendo hautaligeuza. Chini yake weka kisinia cha alumini chenye kimfereji kinachopeleka maji pembeni, mbali na boksi la fyuzi na nyaya. Wavu uwe wa matundu makubwa kiasi. Ule mwembamba wa wenzetu wa theluji hapa utaziba kwa vumbi na kuwa kifuniko tena.

Kabla ya grainda geuza boneti, uchore kwa chaki mbavu zilizo ndani yake. Hizo hazikatwi. Zimewekwa ili boneti ikunjike katikati gari likigonga, badala ya kuja nzima nzima kwenye kioo. Bati la juu peke yake ndilo linalokatwa, katika nafasi iliyo wazi kati ya ubavu na ubavu. Kingo zilizokatwa zipigwe praima siku hiyo hiyo, zisilale. Hewa yetu ya bahari haisubiri, iwe boneti ya chuma au ya alumini. Mwambie pia mtu wako wa bima kwamba umebadilisha boneti, ili siku ya ajali asije akaligundua yeye kwanza. Na ukiweza tafuta boneti ya pili ya mtumba uikate hiyo, ya kwako uitundike stoo.

Kufunga bomba la turbo kwa ile bandeji ya kuzuia joto kunapunguza joto kweli, ila kunashika unyevu na bomba la chuma cha kawaida linaoza ndani yake ukiwa huoni. Anza na bati lake la kiwandani.

Kitu kimoja cha bure cha kuanza nacho leo: ukifika nyumbani, iache injini iungurume dakika moja hivi kabla hujazima, oili iendelee kuipoza turbo. Ukishaegesha ndani ya geti, fungua boneti uiache wazi nusu saa. Gari likizimwa joto la chini ya boneti linapanda kwanza kabla ya kushuka, maana feni na maji vimesimama na chuma bado ni cha moto. Hiyo nusu saa ndiyo inayoivisha mipira na betri, kila jioni.

Niletee vipimo vya jioni sita, tatu kabla na tatu baada. Vikionyesha bado kuna haja ya kukata, njoo na hiyo boneti ya mtumba, chaki ninayo.